Nilivyoifufua Corolla iliyolala miaka miwili mpaka ikatufikisha Roma

Niseme ukweli, kosa lilikuwa langu. Mei 2023 Ujerumani walipoleta ile tiketi ya yuro 49 kwa mwezi, mabasi na treni za mikoa nchi nzima, nikaona mafuta ya nini tena, Corolla yangu ya 2005 nikaiegesha yadi ya nyuma hapa Hamburg, nikavuta handibreki mpaka mwisho wake, nikaenda zangu. Kila siku naipita kama napita pipa la taka, bima nalipa na gari haitembei.

Sasa ikaja harusi ya mdogo wake mke wangu, Roma, Agosti 2025. Sisi watu watano na mabegi ya vitenge na sufuria mbili za pilau (usiniulize), nauli ya ndege msimu ule ukizidisha mara tano unakaa chini mwenyewe. Nikasema tunaenda na gari. Mke wangu akachungulia dirishani akaniambia, "Baba Nuru, ile yenye nyasi?"

Na kweli nyasi zilikuwepo, zimeota kuzunguka matairi, halafu raba za madirisha zina ukungu wa kijani kama kuta za kisima. Nikambembeleza kaka mmoja wa Tanga, aligusa ufundi kule nyumbani kabla hajaja huku, akaja na mita yake akagusisha kwenye betri. Volti nne. "Mdogo wangu, hii sio ya kuchaji, hii ni ya kuzika." Mpya yuro 85. Mimi nikataka niwashe hapohapo, akanipiga kofi la mkono, subiri kwanza tuone ndani kuna nini. Akafungua boksi la filta ya hewa, bwana we, kuna kitanda humo! Vipande vya lile sufi la chini ya boneti, majani makavu, na ganda la jozi. Panya wamezaa na kulea mpaka wakahama. Halafu kuna kamnyama huku wanakaita Marder, kanafanana na nguchiro hivi, kenyewe kazi yake kutafuna waya na mipira chini ya boneti, na kwangu kalikuwa kameng'ata waya wa sensa ya oksijeni mpaka kopa inaonekana. Kama tungewasha na ule uchafu kwenye filta sijui ungeishia wapi.

Oili tukamwaga, filta zote mpya, mafuta yaliyokuwa tangini yalikuwa robo na yananuka kama vanishi, tukayanyonya tukaweka mapya. Ikawaka mara ya tatu. Injini ile ina cheni, sio belti ya taimingi, hapo nilisalimika hela nyingi.

Matairi ndo yalinidanganya. Kashata zake bado ndefu, ukiangalia haraka unasema mapya haya. Kaka akapiga magoti akasugua ubavuni kwa kidole akanionyesha namba nne, 1814, maana yake wiki ya 18 ya mwaka 2014. Miaka kumi na moja! Na ukilibonyeza tairi pembeni unaona limepasuka magaga kama kisigino cha mtu anayetembea peku. Hayo ubishi hakuna, manne mapya yuro 290 na kufungwa.

Kabla ya hapo nilishaenda gereji moja, jina niache, wakanitajia 1,400 na hawajainua hata boneti. Nikarudi kwa kaka.

Stika ya ukaguzi nayo ilishaisha zamani (ile ya duara kwenye namba ya nyuma, tarakimu iliyosimama juu ndo mwezi, ya katikati ndo mwaka) kwa hiyo kutembea na gari barabarani hivihivi ni kutafuta faini. Nikalipia ukaguzi kama 150. Wakanipitisha, na kaujumbe kuwa boksi la huduma ya kwanza limeexpaya, nikanunua lingine.

Sasa mtu wa kawaida hapo anasema kwishney, tunaondoka. Kaka akasema hapana, nenda Lübeck urudi, ukifika usizime tu ukashuka, gusa maringi yote manne. Nikaona ushamba huo lakini nikaenda, ni kilomita sitini na kitu. Nafika nashuka, harufu kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Ringi la mbele kulia vuguvugu, kushoto vuguvugu, nyuma kulia vuguvugu, nyuma kushoto nilitoa mkono huku napuliza vidole. Kalipa, ile inayobana pedi kwenye diski, imeganda! Ile handibreki niliyoivuta miaka miwili, kebo na pistoni vimekula kutu, pedi haiachii diski. Kwenye mashine ya ukaguzi ilipita kwa sababu pale breki inashika tu, shida yake ilikuwa kuachia, tena mpaka ipate moto.

Fundi Mturuki kule Wilhelmsburg akabadilisha kalipa zote mbili za nyuma, diski na pedi, akachovya kakalamu fulani kwenye breki fluidi kakawaka taa nyekundu, maji yamezidi asilimia 3. Akanieleza: maji yakichemka humo unakanyaga pedeli inazama mpaka chini na gari halisimami. Yote 310. Nikawaza Brenner pale, ile njia ya milimani kati ya Austria na Italia, mita 1,370 juu, halafu unateremka Italia mpaka Bolzano huku watoto watatu wamelala nyuma. Nililipa bila kuomba punguzo.

Ukijumlisha na oili na sensa imekula kama 965. Ndege tungepata kwa bei hiyohiyo, mke wangu kashanikumbusha mara nyingi, ila zile sufuria zisingepanda.

Tuliondoka saa kumi alfajiri, Kassel, Würzburg, Nürnberg, tukalala nje kidogo ya München. Vinyeti ya Austria (kibali cha kulipia barabara kuu) ya siku kumi nilinunua mtandaoni 12.40, na ujue haigusi Brenner, ile A13 unalipa kivyake. Juu kule daraja la Lueg linajengwa upya, magari njia moja moja, foleni ya kutambaa, nikawa macho kwenye geji ya joto tu. Haikusogea.

Upande wa pili tukasimama Vipiteno watoto wakojoe, mimi nikazunguka gari nikigusa ringi moja moja kama daktari. Yote manne sawasawa. Mtoto wa kati akauliza, "Baba, inaumwa?"

Roma tulifika saa nne usiku. Kilichokufa njia nzima ni raba ya waipa ya nyuma, ilichomoka karibu na Modena, na pilau moja ilimwagika kwenye buti, harufu ya mdalasini ipo mpaka leo.