Madhabahu ya Mkunazini na dada anayelala jikoni

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Wiki hii moyo wangu umekuwa mzito. Baada ya maombi ya jioni, binti mmoja anayefanya kazi za ndani alibaki nyuma. Hakuomba mume wala uponyaji. Aliomba Mungu amguse bosi wake amlipe mishahara iliyolimbikizwa, apate nauli ya kwenda kwao kwenye msiba. Na bosi huyo ni mpendwa mwenzetu, anatoa zaka.

Nimesikia maneno hayo nikiwa nimetoka juzijuzi Unguja na vijana wetu, kwenye Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini. Vijana walizipenda hadithi za pale. Nguzo za karibu na kisima cha ubatizo zimesimama kichwa chini. Inasimuliwa kwamba mafundi walizisimika Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi wa kanisa hilo, akiwa safarini, naye aliporudi akaziacha zilivyo. Upo pia msalaba wa mti unaoelezwa kuwa ulichongwa kwa mbao za mti ule wa kwa Chitambo, Zambia, ambao chini yake ulizikwa moyo wa mmisionari David Livingstone. Simu zikatoka, picha zikapigwa.

Lakini mimi miguu yangu iligoma mbele ya madhabahu. Kanisa lile limejengwa palipokuwa soko la watumwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba uliolifunga soko hilo, na Krismasi ya mwaka uleule likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Sakafuni pana duara la marumaru nyeupe, limezungushiwa nyekundu. Wenyeji husimulia kwamba hapo ndipo ulipokuwa mti waliofungwa watumwa na kuchapwa viboko wanunuzi wakitazama, na asiyelia bei yake ilipanda. Ile nyekundu ni damu yao. Palepale ndipo unapoandaliwa mwili wa Bwana na damu yake.

Nje liko shimo lenye sanamu za watu wenye minyororo shingoni. Vijana wetu walinyamaza kimya, na wengine walilia. Nami nililia.

Ndugu zangu, machozi yale ni ya nini kama nyumbani kwetu yuko binti wa watu anayeamka saa kumi alfajiri na kulala wa mwisho, mkeka wake umetandikwa jikoni kati ya mtungi wa gesi na ndoo za maji? Anakula makoko ya ubwabwa tukishashiba. Kitambulisho chake tumekifungia kabatini asije akatoroka. Akivunja glasi, tunamkata mshahara ambao hata hivyo hatujamlipa. Halafu Jumapili tunamwachia watoto na vyombo, tunakwenda kuinua mikono mitakatifu! Wapendwa, hapana. Yakobo alisema waziwazi kuhusu ujira wa wavunaji uliozuiwa kwa hila: unapiga kelele, na vilio vyao vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Huyo binti akinyamaza mbele yako, usidhani ameridhika. Mshahara wake unapiga kelele mbinguni.

Na usiniambie, “Mchungaji, mimi namlisha, namvika, ni kama mwanangu.” Mwanao analala jikoni? Mwanao ameacha shule ili akufulie? Paulo alipomrudisha Onesimo, mtumwa wa Filemoni, alimwambia Filemoni ampokee kama ndugu mpendwa, tena ampokee kama ambavyo angempokea Paulo mwenyewe. Ndiyo kusema, mpe dada huyo kitanda ambacho ungempa mchungaji akija kulala kwako. Mpe siku ya mapumziko. Mwite kwa jina alilopewa na wazazi wake.

Jumapili hii tuna Meza ya Bwana. Kama mshahara wa mtu uko mkononi mwako, Bwana Yesu amekwisha kusema la kufanya: iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako. Rudi nyumbani ukamlipe, ukamwombe radhi. Ibada ikiisha hujarudi, sisi tutakuelewa.