Kiti cha Daudi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumatano jioni nilipigiwa simu na binti wa mama mmoja wa jumuiya yetu. Anaishi mbali, na simu ya mama yake ilikuwa haipatikani. "Mama alifika ibadani Jumapili?" Nikafungua kinywa niseme ndiyo, nikanyamaza. Nililikumbuka benchi lake karibu na dirisha, na walioketi pale. Yeye hakuwemo. Macho yangu yalipita kwenye nafasi yake ibada nzima, nisijue mpaka nilipoulizwa.

Siku hizi nasoma jinsi wanafalsafa wa Kihindu wanavyoeleza tunavyojua kwamba kitu hakipo. Kumarila Bhatta, wa karne ya 7, ana mfano ulionichoma: mtu alikuwa mahali fulani, akaondoka, anapoulizwa baadaye kama kitu fulani kilikuwepo pale, ndipo anapotambua kwamba hakikuwepo. Macho yake hayako tena pale. Basi, asema Kumarila, kujua huku si kuona. Ni njia ya maarifa inayojitegemea, nayo huitwa anupalabdhi, yaani kutambua kwa kutokiona kitu. Wanafalsafa wa Nyaya, shule nyingine ya falsafa ya Kihindu, walimpinga, wakashikilia kwamba hata kutokuwepo huonekana kwa jicho. Lakini pande zote mbili zinakubali kwamba huwezi kutambua kukosekana kwa kitu usichokikumbuka. Sakafu isiyo na chungu cha kupikia ni sakafu tu, mpaka uwe unakikumbuka chungu hicho moyoni.

Mgeni akiingia kanisani kwetu haoni pengo. Mimi si mgeni. Nimekula kwa mama huyu, ameniombea nikiumwa, na bado nilikaa pale kama mgeni.

Turudi 1 Samweli 20. Karamu ya mwezi mwandamo, kiti cha Daudi kitupu. Sauli, aliyekwisha kumrushia mkuki, alikiona siku ya kwanza, na siku ya pili akauliza: mbona mwana wa Yese hakuja kula chakula, jana wala leo? Wapendwa, chuki ya Sauli iliuliza ndani ya siku mbili. Upendo wetu umemaliza Jumapili tatu bila kumuulizia mama huyu! Sadaka tunaihesabu mara mbili. Mahudhurio tunayaandika kwa idadi, na idadi haimkumbuki mtu. Msimwachie mchungaji jambo hili. Wewe unayekaa naye benchi moja ndiwe unayemjua, kwa hiyo ndiwe unayeweza kujua kwamba hayupo.

Alhamisi nilikwenda. Nilimkuta kitandani, miguu imevimba. Akaniuliza, "Umejuaje mwanangu?" Nikamwambia ukweli, kwamba niliulizwa.

Kesho baada ya mazoezi ya kwaya nakwenda tena. Tutakaokwenda pamoja, tukutane mlangoni pa kanisa.