Kujifunza shingyi kwa kitabu cha mwaka 1915

Kuna swali naulizwa sana na wadau, eti kungfu unajifunzaje kwa kitabu, mwalimu yuko wapi? Ni swali la haki kabisa na leo nataka nilijibu kwa urefu, maana wengi wetu kungfu tumeikuta kwenye mabanda ya vidio, tukaipenda kweli, alafu ikaishia palepale kwasababu mtaani walimu waliopo ni wa karate, taekwondo na ngumi za ulingoni, mtu wa kukufundisha shingyi utamtafuta mpaka uchoke.

Shingyi (ukitaka kuitafuta mtandaoni andika xingyi) ni mojawapo ya zile sanaa tatu za mapigano za Kichina zinazoitwa za ndani, yaani zinazotegemea nia na pumzi zaidi ya msuli, nyingine ni taichi na bagua. Taichi watu wanaijua kwa wazee wanaojinyoosha polepole bustanini. Shingyi haifanani na hiyo, yenyewe inaenda mbele moja kwa moja, ngumi fupi, hatua fupi, kuruka na mateke ya juu ni kwa nadra, na msingi wote ni mapigo matano tu. Na kwa maoni yangu hapo ndo sababu ya kwanza kwanini inawezekana kuianza kwa kitabu: vitu ni vichache. Fomu ndefu ya taichi (mfululizo wa mikao unaofuatana) ina mizunguko mingi sana ya kukumbuka kabla hujaanza hata kuangalia mwili wako unafanya nini, lakini hapa unashika pigo moja unalirudia kwenda na kurudi mpaka likae.

Kitabu chenyewe ni cha Sun Lutang, kilitoka 1915. Huyu mzee alizaliwa 1860 mkoa wa Hebei kwenye familia maskini, shingyi akasoma kwa Li Kuiyuan kisha akapelekwa kwa Guo Yunshen, ambaye ndo mwalimu wa huyo huyo Li, baadaye akaenda Beijing akajifunza bagua kwa Cheng Tinghua, na taichi ameipata ukubwani, tena kwa namna nzuri sana: Hao Weizhen alifika Beijing akaugua, Sun akamuuguza, mzee alipopona akaamua kumfundisha. Kwahiyo anayeandika ni mtu aliyezishika zote tatu mikononi. Kabla yake elimu hii ilikuwa ya mwalimu na wanafunzi wake, mdomo kwa sikio, na ikiandikwa basi mara nyingi ni beti fupi ambazo kama hujafundishwa huambulii kitu. Sun akakaa chini akapanga hatua kwa hatua, akapiga picha yeye mwenyewe akiwa kwenye kila mkao, akaweka maelezo. Mi hilo namheshimu nalo sana, mtu angeweza kabisa kuondoka na vyake.

Mi nasoma tafsiri ya Kiingereza kwenye simu, na kurasa za Kichina zenye picha nimeziprinti nimezibandika ukutani.

Sasa kitabu hakianzi na ngumi. Kinaanza na kusimama tu, mikono imening'inia, akili haijashika kitu, kisha taratibu kinakutoa hapo mpaka kwenye mkao unaoitwa santi, na santi ndo kila kitu. Mguu mmoja mbele umenyooka, wa nyuma umegeuka pembeni kama nyuzi 45 hivi, goti limekunjwa na uzito mwingi umekaa huko nyuma. Mkono wa mbele umenyooshwa ila kiwiko kimelala chini, hakijakazwa, macho yanaangalia kidole cha shahada, mkono mwingine uko chini usawa wa tumbo. Mabega yameshuka. Kichwa kinasukuma juu, ulimi unagusa juu ya kinywa, unapumua kwa pua. Ukiona picha yake unasema aah hii rahisi, simama sasa uone, paja la nyuma linaanza kuwaka, bega linapanda lenyewe bila kukuaga, ukilishusha bega kiwiko kinatoka nje, ukirudisha kiwiko kifua kinabinuka. Ni kazi ya kusahihisha kitu kimoja baada ya kingine na haiishi.

Hapo ndo maelezo yanapozidi picha kwa mbali. Ukiangalia picha tu utaiga umbo, lakini maandishi yanakwambia kipi kinaelekea wapi na kipi kinaungana na kipi. Wanaziita sita za kuoanisha: mkono na mguu, kiwiko na goti, bega na nyonga, hizo tatu za nje, alafu tatu za ndani, moyo na nia, nia na pumzi (wao wanasema chi), chi na nguvu. Mwanzoni zile za nje zinatosha kabisa kukushughulisha. Simama kwenye santi uangalie je kiwiko cha mbele kiko juu ya goti la mbele au kimekimbia, nyonga imegeuka na bega au bega limeenda peke yake, hicho ni kitu unaweza kukikagua mwenyewe bila mwalimu. Mi naweka simu ubavuni, usawa uleule ambao kamera ya Sun ilikuwepo, napiga, naziweka picha mbili pamoja. Inasaidia kuliko kioo maana kwenye kioo unageuza shingo kujiangalia na mkao wote unaharibika.

Jambo la pili kuhusu hizi picha za zamani, zinaonyesha mwisho wa pigo tu. Katikati hakuna kitu, na katikati ndo kuna sanaa. Chukua pi, pigo la kwanza, wanalifananisha na shoka. Picha inakuonyesha kiganja kimefika mbele. Sasa kimefikaje? Lazima usome: mkono unapanda kwanza ukiwa ngumi, unajisokota kupita karibu na mdomo, mwingine unakuja juu yake, ndo inageuka kuwa kiganja na kushuka, na mguu unatua wakati uleule kiganja kinafika, sio kabla sio baada. Hiyo ya kutua pamoja ndo ninayoihangaikia zaidi na siwezi kuielezea ilivyo tamu ikikubali, yaani pigo linakuwa na uzito wa mwili mzima na mkono wenyewe hausikii kazi. Ushauri wangu, soma sentensi moja, fanya, rudi usome tena ileile, na mwombe mtu akusomee kwa sauti huku we unafanya, nduguyo tu anatosha, mdogo wangu ndo ananisomea na ameshaanza kunikosoa vizuri kuliko nilivyotegemea.

Baada ya pi inakuja beng, mshale. Ngumi inatoka kifuani inaenda moja kwa moja, mguu wa mbele unaingia na wa nyuma unafuata kwa nguvu. Hii ndo iliyompa sifa Guo Yunshen, inasimuliwa kwamba kwa beng ya nusu hatua tu alizunguka akishinda watu kila mahali, na wengine wanasimulia aliizoea gerezani akiwa na minyororo miguuni kwahiyo hatua nzima haikuwezekana. Hadithi au kweli, ukiifanya unaelewa kwanini watu waliisimulia, maana nusu hatua inatosha kabisa kama mguu wa nyuma unasukuma kweli. Zinazofuata ni zuan, pao na heng.

Kila pigo kitabu kinalifunga na kimojawapo cha vile vitu vitano vya Kichina na kiungo cha mwili, pi ni chuma na mapafu, beng ni mti na ini, zuan ni maji na figo, pao moto na moyo, heng ardhi na bandama. Mi sisomi hapo kama cheti cha daktari, nasoma kama namna ya wazee kueleza pigo linavyotakiwa kusikika mwilini, na kwa pi naona kabisa ukikaza kifua halitoki, ukikiachia pumzi inashuka na pigo linashuka nayo.

Ila magoti jamani. Ukisikia maumivu ya ndani ya goti, sio uchovu wa paja, simama juu kidogo, punguza, goti lielekee kule vidole vinakoelekea. Kitabu hakikuoni kwahiyo hapo ni wewe.

Na kuna kitu hakitoki kwenye kitabu hata usome vipi, nacho ni mkono wa mtu mwingine. Guo aliacha mgawanyo wa nguvu tatu, ya wazi, iliyofichika, na ile ya kugeuza, na Sun kauandika kwenye kitabu chake cha 1924. Ya wazi naweza kuijenga uani peke yangu. Hizo mbili zinahitaji mtu anayekusukuma na kukuonyesha palipo wazi kwenye mwili wako. Kwahiyo kama uko Dar, Morogoro, hata Mombasa, na umefundishwa shingyi na mwalimu wa kweli, au hata taichi ya kusukumana mikono, niandikie tafadhali, nauli nitatafuta, na kitabu nitakuja nacho.