Siku moja maishani mwangu: ruta ya kujijengea Kiamunyi

Saa 12:10 asubuhi

Kompyuta imelala mezani tangu jana usiku ikipimwa memori, na haijatoa kosa hata moja. Naizima. Ni ile mashine nyembamba ya ofisini, mtumba kutoka Uingereza, ambayo madukani hapa Nakuru watu huwanunulia wanafunzi wa chuo. Mimi huigeuza ruta, kifaa kinachopokea intaneti na kuigawia nyumba.

Nyuma ina mdomo mmoja tu wa waya wa mtandao, na ruta inataka angalau miwili, mmoja wa kuleta intaneti na mwingine wa kuipeleka ndani. Kwa hiyo nimechomeka kadi ya Intel i350 yenye midomo minne, iliyotolewa kwenye seva ya zamani. Kadi za Realtek ni rahisi kupata, ila zimewasumbua sana wanaotumia FreeBSD, mfumo ulio chini ya OPNsense na pfSense, programu mbili za kuigeuza kompyuta ruta. Leo naweka OpenWrt, mfumo wa bure wa kuendesha ruta, ambao ni Linux, nao hauchagui kadi sana.

OpenWrt naipenda pia kwa asili yake. Mwaka 2003 kampuni ya Linksys ilibanwa na GPL, leseni inayodai msimbo utolewe wazi, ikatoa msimbo wa ruta yake ya WRT54G, kile kisanduku cha buluu na nyeusi. Kufikia 2004 watu walikuwa wameanza kuujengea mfumo wao wenyewe. Kazi yangu ya leo inatokana na ubishi huo wa leseni.

Saa 2:20 asubuhi

Mjini, dukani, kununua waya. Boksi la mita 305 linauzwa kwa bei mbili na maandishi ya nje yanafanana. Natoa wembe nakwangua uzi mmoja. Ukibaki mwekundu hadi ndani, ni shaba. Ukitokeza weupe, ni alumini iliyopakwa shaba, na huo simwekei mtu ukutani. Hukatika ukikunjwa, na ukipitisha umeme wa kuendesha vifaa hupata joto kuliko shaba. Mwenye duka ananijua, haoni vibaya nikikwangua.

"Fundi, wengine huchukua tu."

"Na wengine hurudi, boss."

Anacheka, ananifungia ule wa shaba.

Saa 3:45 asubuhi, Kiamunyi

Nyumba ya mwalimu mstaafu, ya mawe, gorofa moja juu, banda la kuku nyuma. Mwalimu anaishi na binti yake na wajukuu. Amepandisha kifurushi hadi megabiti 40 kwa sekunde kwa sababu waifai "haifiki", na bado haifiki. Kisanduku cha kampuni kimefichwa nyuma ya televisheni, pembeni kabisa mwa sebule, chini ya zege la gorofa.

Kabla sijagusa chochote, napima. Nikiwa nimechomeka laptopu kwa waya, megabiti 40 zote zipo. Juu, chumbani kwa wajukuu, zinafika 3. Kifurushi hakina kosa. Ila kuna jambo la pili ambalo wengi hawalipimi: naendesha ping, yaani natuma ujumbe mdogo na kupima muda wa kwenda na kurudi, inarudi milisekunde 11. Namwomba binti apakie video ya harusi kutoka simu yake, na ping inaruka hadi 480.

"Ndiyo maana somo la mtoto hukwama?" mwalimu anauliza.

Ndiyo maana. Kisanduku kinajaza paketi, vile vipande vidogo vya data, kwenye foleni moja ndefu, na sauti ya mtoto inasimama nyuma ya video ya harusi. Ni kama kinu cha posho ambako mtu wa magunia kumi amefika kwanza na wewe una mkebe wako wa kilo mbili. Dawa ipo, nitaiweka mchana.

Saa 4:30 asubuhi

Kupanda dari. Hapa ndipo siku inapokwenda kweli. Kijana wangu wa mkono anasukuma waya kupitia paipu ya zamani ya simu, mimi niko juu kati ya mabati na mbao za dari, na jua la Nakuru halioni aibu. Natoa njia mbili: moja hadi dari ya sebule, nyingine hadi korido ya juu. Kila njia itabeba AP, kile kisahani cheupe cha kurusha waifai. Umeme wake unapitia waya huohuo wa mtandao kutoka kwenye swichi, kile kisanduku cha kuunganishia waya zote, wati 15.4 kwa kila mdomo, kwa hiyo simuhitaji fundi wa stima kuweka soketi darini.

Vichwa navibana kwa mpangilio mmoja pande zote: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kijana ameuimba hadi wajukuu wameushika.

Sasa banda la kuku. Mwalimu anataka kamera kule, mita kama 60 kutoka nyumbani. Waya wa shaba ungefika, maana mpaka wake ni mita 100. Simwekei. Radi za mvua za alasiri zikipiga karibu, shaba iliyozikwa uani huleta umeme ndani na kuua swichi na ruta pamoja. Nazika faiba, waya wa kioo unaopitisha mwanga, iliyokuja na vichwa vyake, yenye ganda lisilo na chuma, na kigeuzi cha kuiunganisha na waya wa kawaida kila upande. Kioo hakipitishi umeme. Gharama inaongezeka kidogo, na mwalimu anakubali baada ya kukumbuka televisheni ya jirani.

Saa 7:15 mchana

Githeri ya mwalimu, yenye parachichi. Stima imepotea tukiwa mezani.

Saa 8:00 mchana

Haijarudi, kwa hiyo tunaongea UPS, betri ya kushikilia vifaa stima ikipotea. Mashine hii nimeipima kwenye soketi: inakula wati 20 hivi ikiwa imetulia. Kwa mwezi mzima hiyo ni kama uniti 14 za stima. Kompyuta ndogo mpya ya Intel N100, ambayo prosesa yake imepangiwa wati 6, ingekula kama nusu, ila bei yake ni ya kufikiria. Mwalimu anapiga hesabu kwenye karatasi, kwa mwandiko wa ubaoni, anaamua kubaki na mtumba.

Niseme pia, kwa kuwa huulizwa kila mara: mwenye bedsita asijenge kitu kama hiki. Anunue ruta ndogo iliyo kwenye orodha ya vifaa vinavyokubali OpenWrt, aiweke katikati ya chumba, basi. Kujenga kuna maana nyumba ikiwa na zege, kamera, wageni na watu wanaosoma au kufanya kazi humo.

Saa 8:50 mchana

Stima imerudi. Napigia kampuni ya intaneti wageuze kisanduku chao kiwe daraja tu, ili ruta yangu ndiyo ipige PPPoE, ule utaratibu wa kuingia kwenye mtandao wao. Nasikiliza muziki wao mrefu. Anayepokea hatimaye anaelewa upesi. Naweka MTU, ukubwa wa juu wa paketi, 1492, kwa sababu PPPoE inakula baiti 8 kati ya zile 1500.

Kisha ile dawa: CAKE, programu ya kupanga foleni, iliyoingia rasmi kwenye Linux toleo la 4.19 mwaka 2018. Naipa megabiti 36 kwenda na 36 kurudi, chini kidogo ya uwezo wa laini, ili foleni itokee kwangu ninakoisimamia, isitokee kwenye kisanduku cha kampuni. CAKE haimwachi mwenye magunia amalize. Inachukua kidogo kwa kila mtu. Video ya harusi inapakiwa tena. Ping: 24.

Mwalimu anataka kuona namba hiyo kwa macho yake. Anaiangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, anaita binti yake aje aione.

Nyumba naigawa mitandao mitatu kwa swichi ileile: wenyeji, wageni na kamera. Kamera haziruhusiwi kutoka nje kwenda intaneti hata kidogo. Vifaa vya bei nafuu hupenda kupiga simu kwao usiku, na sioni haja ya mtu yeyote kujua kuku wa mwalimu wanalala saa ngapi.

Saa 10:40 jioni

Naweka masafa. Kwenye gigahezi 2.4 kuna chaneli tatu tu zisizokanyagana, 1, 6 na 11. Jirani amejaa kwenye 6, basi AP ya chini inakaa 1 na ya juu 11. Nguvu ya kurusha naipunguza. Watu hushangaa, lakini AP inayopiga kelele hufanya simu ing'ang'anie kisahani cha mbali wakati kingine kiko juu ya kichwa chake. Gigahezi 5 ni ya kasi na haipendi kuta, ndiyo sababu nimeweka kisahani kila orofa. Chumbani kwa wajukuu sasa: 35.

Swali la mwisho linatoka kwa mwalimu. Kijana wake aliye Marekani anataka kuona kamera ya banda. Naangalia anwani tuliyopewa na kampuni. Inaanza na 100.72. Chochote kati ya 100.64 na 100.127 kimetengwa kwa kampuni kuwagawia wateja wengi anwani moja ya nje, kwa hiyo kufungua mlango kwenye ruta hakutasaidia, hakuna njia ya kubisha kutoka nje. Nyumba ndiyo itatoka. Nakodi seva ndogo yenye anwani yake yenyewe, naweka WireGuard, programu ya kutengeneza njia ya siri kupitia intaneti. Ruta inaipigia kutoka hapa, simu ya kijana inaipigia kutoka kule, zinakutana. Kwenye ruta naruhusu simu hiyo moja ifikie kamera. Kijana anapiga simu ya video baada ya dakika chache akiuliza kwa nini jogoo mweupe hayupo.

"Tulimla Pasaka," mwalimu anamjibu.

Saa 1:30 usiku

Niko nyumbani, naweka nakala ya mipangilio yote kwenye flashi ya mwalimu na kwenye kompyuta yangu. Kila waya ulishapewa kibandiko chenye jina, ili fundi atakayekuja baada yangu asinilaani.

Simu: mpangaji wa Section 58, waifai inakatika kila jioni. Namwambia ahame kutoka chaneli 9 kwenda 11 na apunguze upana hadi megahezi 20. Anajaribu tukiwa bado tunaongea. Inatosha kwa leo.

Saa 2:45 usiku

Mwalimu ametuma salio lililobaki kwa M-Pesa, na ujumbe chini yake. Amefungua ukurasa wa ruta mwenyewe akaangalia grafu: televisheni ikicheza filamu ya HD, wajukuu wawili kwenye simu, binti akipakia picha, na mstari haujavuka megabiti 14. Anauliza, "Sasa hizi 40 ninalipia za nini?"

Nimemjibu apunguze hadi 20 mwezi ukiisha, aniambie siku hiyo nibadilishe namba za CAKE.