Hilux yangu sasa inanguruma bila kuumiza kichwa

Nilitaka mlio mnene kwenye Hilux Vigo yangu ya injini ya 1KD, lita 3.0, lakini sikutaka familia ifike Morogoro vichwa vinawagonga. Yote mawili yanawezekana, ila si kwa kung'oa sailensa na kuacha bomba tupu.

Kabla ya kugusa chochote nilimwomba rafiki yangu, ambaye ya kwake ni bomba tupu toka tabo (turbo, kifaa kinachozungushwa na moshi ili kusukuma hewa zaidi kwenye injini) hadi nyuma, tutoke naye hadi Chalinze. Mjini inapendeza kweli. Barabara kuu, gia ya tano, sindano ya mizunguko ya injini ikikaribia 2,000, unaingia mvumo ndani unaokukaa kifuani na hautoki mpaka ubadilishe mwendo. Injini ya silinda nne ina milipuko miwili kila mzunguko. Kwa 2,000 kwa dakika hiyo ni milipuko 4,000, karibu 67 kwa sekunde. Bezi ya namna hiyo bodi lote huiitikia.

Watu wanasahau kwamba tabo yenyewe inapunguza kelele. Moshi unapozungusha feni yake, ukali wa kila mlipuko unavunjika njiani. Kwa hiyo gari la tabo halihitaji sailensa ya kubana moshi. Nilichagua ya kupitisha moja kwa moja: katikati bomba lenye matundu, limezungushiwa sufi ya kioo. Sufi inameza ule mlio mkali, mnene unapita.

Bomba likawa la inchi 2.5. Fundi akanionyesha la maji, linang'aa: "Bosi, hili bei nusu, na halishiki kutu." Nikamwambia hapana, kaka, hilo lina zinki. Zinki ikichomelewa hutoa moshi mweupe unaompa mchomeleaji homa, na yeye ndiye atakayeinama juu yake mchana kutwa. Tukachukua chuma cheusi. Kona zilikunjwa kwa mashine, maana ukikata vipande na kuunga, ndani kila kiungo huacha nundu inayokwaza moshi.

Mipira ya kuning'iniza ndiyo niliyoikazania kuliko yote. Bomba likigusa chasi, mvumo wote unahamia kwenye viti. Tena chuma kinarefuka: mita tatu zikipata joto la nyuzi 300 zinaongezeka karibu sentimita moja, kwa hiyo nafasi inayotosha asubuhi, jioni haipo. Gari likiwa limepoa nilipitisha kidole kati ya bomba na chasi, na tairi la spea, na paipu ya breki. Kiliponasa karibu na spea, tukalegeza, tukasogeza, tukafunga upya.

Sasa nikikanyaga kutoka Ubungo inanguruma vizuri, sauti ya chini, imeshiba. Nikishika mwendo wa safari, tunaongea bila kupandisha sauti, na mtoto wa nyuma analala. Boliti za flenji, yaani pale vipande vya bomba vinapoungana, zilitaka kukazwa tena baada ya safari ndefu ya kwanza. Limebaki bati la kukinga joto juu ya spea, fundi analikata wiki hii.