Simba wa Mlima Kuromori Washukapo Pwani

Kutoka Morioka basi lilikata milima yenye theluji hadi Miyako, mji wa wavuvi katika mkoa wa Iwate, kaskazini-mashariki mwa Japani. Nilikwenda Januari kwa sababu huo ndio msimu ambao kundi la Kuromori Kagura (kagura ni ngoma takatifu ya Shinto, dini ya jadi ya Wajapani) huanza kuzunguka vijiji vya pwani, mwaka mmoja kaskazini hadi Kuji, mwaka unaofuata kusini hadi Kamaishi, likibeba vichwa vyeusi vya simba vya mti ambamo mungu wa Mlima Kuromori anaaminika kukaa. Mlima wenyewe ni alama ya wavuvi: wauonapo wakiwa baharini, hujua Ghuba ya Miyako iko upande gani.

Njia ya ngoma hiyo ndiyo iliyopigwa na tsunami ya tarehe 11 Machi 2011. Huko Taro, mtaa wa pwani wa Miyako, ukuta wa mita 10 uliojengwa kuzuia bahari haukufua dafu. Kwa desturi kagura huchezwa sebuleni mwa familia inayojitolea kuwapokea wachezaji, lakini nyumba nyingi za wenyeji hao zilichukuliwa na maji, na baada ya maafa kumbi za mitaa zikashika nafasi yake. Nami niliitazama ukumbini, nimevua viatu, nimebanana na bibi vizee waliokuja mapema kuwahi nafasi za mbele.

Aliyetarajia majonzi matupu angeshangaa. Mungu wa mlimani, mwenye kinyago chekundu, alikanyaga sakafu kwa vishindo kufukuza mabaya. Kisha akaja Ebisu, mungu wa wavuvi, akihangaika na ndoano yake mpaka ukumbi mzima ukaangua kicheko. Wafu hawasahauliki, maana familia iliyofiwa huweza kuombewa marehemu wake kwa sala za Kibudha katikati ya ibada ya Kishinto, na hakuna anayeona ajabu. Lakini kwa maoni yangu faraja kubwa ilikuwa katika kicheko kile, kwa watu ambao bahari iliyowaua ndugu zao bado ndiyo inayowalisha.

Mwishoni simba walipita wakigonganisha meno na kuuma vichwa vya watu ili kuwakinga na maradhi na balaa. Akina mama waliwasogeza watoto waliokuwa wakilia. Mzee aliyekaa kando yangu aliinamisha kichwa, akaumwa, kisha akanieleza kupitia mkalimani kwamba mwakani kundi litakwenda upande wa pili, na zamu ya kijiji chao itarudi mwaka utakaofuata.