Hayo ya ulimwengu wa roho mmeyatoa wapi?

Leo nataka kuongea na wapendwa wenzangu wanaosema "mimi ni Biblia tu, mapokeo ya wanadamu sitaki", na naongea nao kama mtu wa nyumba hiyo hiyo, maana na mimi naamini Maandiko ndiyo yenye neno la mwisho na sitegemei kubadilika. Ila kuna kitu kinanikera kila mabishano haya yakianza, hasa yakifika kwenye malaika, mapepo, Shetani na wafu. Mkatoliki anaambiwa toharani, mahali pa kutakaswa baada ya kufa, ni mapokeo, Mworthodoksi anaambiwa kuombea marehemu ni mapokeo, halafu yule yule aliyewaambia hivyo anageuka anafundisha kwa uhakika kabisa kwamba Shetani alikuwa kiongozi wa kwaya mbinguni, kwamba aliasi na theluthi ya malaika kabla Adamu hajaumbwa, kwamba kila mji una pepo wake mkuu mwenye jina lake, na kwamba mapepo yamepangwa kwa vyeo kuanzia jenerali mpaka askari wa kawaida. Sasa hayo nayo yameandikwa wapi?

Twende taratibu. Habari ya kwaya inatolewa Ezekieli 28, ambako baadhi ya tafsiri zinataja matari na filimbi. Lakini sura yenyewe inasema ni maombolezo juu ya mfalme wa Tiro. Isaya 14, ile ya nyota ya alfajiri iliyoanguka kutoka mbinguni, mstari wa 4 unasema wazi kwamba ni mithali juu ya mfalme wa Babeli. Waliozisoma sura hizi kama habari za kuanguka kwa Shetani ni walimu wa kanisa la zamani, Origen akiwa mmoja wao huko karne ya 3, na usomaji wao ukashika mizizi mpaka leo. Sisemi walikosea. Mfalme anayesema atapanda juu ya nyota za Mungu anafanana kweli na yule adui, na nabii anaweza kumpiga mtu mmoja huku anamlenga na aliye nyuma yake. Lakini Calvin, mmoja wa viongozi wa matengenezo ya kanisa ya karne ya 16, kwenye ufafanuzi wake wa Isaya, aliukataa kabisa usomaji huo na kusema maneno yale ni ya mfalme wa Babeli. Kwa hiyo kwenye jambo hili mwanamageuzi ndiye aliyekataa, na sisi tunaojiita watoto wa matengenezo ndio tunaoshikilia mapokeo bila kujua.

Theluthi ya malaika iko hivyo hivyo. Ufunuo 12:4 inasema joka lilikokota kwa mkia wake theluthi ya nyota za mbinguni, sawa, na kwamba nyota ni malaika mtu anaweza kuitetea hoja hiyo. Ila wakati huo mwanamke yuko karibu kuzaa na joka linamsubiri mtoto, na vita ya Mikaeli inakuja baada ya mtoto kunyakuliwa. Kuichukua picha hiyo na kuipeleka nyuma kabla ya Edeni ni uamuzi wa msomaji, andiko halikupeleki huko lenyewe.

Mnaona ninapoelekea. Hakuna aliye na Biblia tupu mkononi linapokuja suala la ulimwengu wa roho. Biblia inazungumza kidogo sana juu ya mambo hayo, inataja malaika mamia ya mara lakini haituelezi waliumbwa lini, haituelezi mapepo yalitoka wapi (kaitafute, utashangaa), na pale ilipoacha ukimya watu wamejaza. Wengine walijaza miaka 1,800 iliyopita kwa lugha ya Kiyunani, wengine wamejaza juzi kwenye semina. Wote wamejaza.

Na sitaki Wakatoliki na Waorthodoksi wapite bure hapa. Wao wana ngazi tisa za malaika, kuanzia maserafi na makerubi mpaka malaika wa kawaida, na ngazi hizo kwa mpangilio huo zilienea kupitia vitabu vya mtu aliyejiita Dionysius, kana kwamba ni yule Dionisio Mwareopago aliyeamini Paulo alipohubiri Athene, Matendo 17:34. Kwa karne nyingi watu waliamini ni yeye, hata Thomas Aquinas, mwanateolojia mkubwa wa karne ya 13, alimtumia sana, na kumbe maandishi yale ni ya mwishoni mwa karne ya 5 au mwanzoni mwa ya 6. Msomi wa Italia Lorenzo Valla alianza kutilia shaka karne ya 15, na Luther na Calvin hawakumwamini hata kidogo. Calvin alisema jambo ambalo mimi nalipenda sana: Paulo alinyakuliwa mpaka mbingu ya tatu akarudi akisema alisikia maneno yasiyotamkika, lakini huyu Dionysius ukimsoma utadhani ni mtu aliyeshuka kutoka mbinguni akisimulia alichokiona kwa macho yake. Paulo kwenye Wakolosai 1:16 anataja viti vya enzi, usultani, enzi na mamlaka, kisha anapita, hapangi nani yuko juu ya nani, maana hoja yake ni kwamba vyote viliumbwa kwa njia ya Kristo na kwa ajili yake.

Hata hivyo, na hapa ndipo wapendwa wenzangu wanaponikasirikia, mapokeo ya zamani yana kitu ambacho ya kwetu hayana. Yana breki. Mwaka 745 sinodi ya Roma chini ya Papa Zakaria ilishughulikia kesi ya mhubiri mmoja aliyeitwa Adelbert, ambaye alikuwa na sala inayotaja malaika kwa majina, Urieli, Ragueli na wengine, na maaskofu wakakataa, wakasema majina ya malaika tunayoyajua ni matatu tu, Mikaeli, Gabrieli na Rafaeli. Mwaka 2001 Vatikani ikarudia katika mwongozo wake wa ibada za waamini kwamba kuwapa malaika majina mengine nje ya hayo matatu si jambo la kukubaliwa. Na padre wa Kikatoliki hawezi kuamka asubuhi akaamua kumpunga mtu pepo kwa ibada rasmi, kanuni ya 1172 ya sheria ya kanisa inataka kibali cha wazi cha askofu wake. Unaweza usikubaliane na Rafaeli kwa sababu anatoka kitabu cha Tobiti ambacho sisi hatuna, mimi pia sikihesabu kama Maandiko, lakini kuna mahali pa kumwambia mtu "hapa umepitiliza".

Kwetu mtu anasimama na orodha ya majina ya mapepo na hakuna anayemuuliza ameipata wapi. Na mara nyingi jibu, akiulizwa, ni kwamba aliipata kwa pepo lenyewe. Yaani kwenye huduma ya ukombozi mtu anaanguka, mtumishi anauliza wewe ni nani, umetoka wapi, nani amekutuma, bosi wako ni nani, mko wangapi, na majibu yanaandikwa, yanarekodiwa, wiki inayofuata yanafundishwa kama elimu ya ulimwengu wa roho, mwaka unaofuata yamekuwa kitabu, na baada ya miaka kumi waumini wanayajua kuliko wanavyoijua Warumi. Jamani. Yesu alimuuliza yule mwenye pepo wa Marko 5 jina lake, ni kweli, akajibiwa Legioni, na hapo hapo mahojiano yakaisha, hakuna mtume aliyeandika waraka juu ya muundo wa Legioni. Na Yesu huyo huyo kwenye Yohana 8:44 anasema Ibilisi ni mwongo na baba wa huo uongo. Sasa tumekataa ushuhuda wa walimu wa kanisa la zamani kama Athanasius na Augustino kwa sababu ni wanadamu, tukapokea ushuhuda wa pepo! Nalisema hili kwa uchungu kabisa maana kuna watu wameishi kwa hofu miaka kwa sababu ya mafundisho yenye chanzo hicho, wanaogopa jina lao la ukoo, wanaogopa ndoto zao, mama ana mtoto mgonjwa na mzigo wa kuambiwa kwamba ni madhabahu ya babu yake aliyekufa hata kabla yeye hajazaliwa, wakati Ezekieli 18:20 inasema mwana hatauchukua uovu wa baba yake.

Mapepo mimi naamini yapo. Waefeso 6:12 siirukii, kushindana kwetu si juu ya damu na nyama, na wala sina shida na mtu kuombewa afunguliwe. Shida yangu ni maarifa yasiyo na baba.

Danieli 10 ndiyo andiko linalobebeshwa mzigo mkubwa zaidi. Mkuu wa ufalme wa Uajemi alimzuia mjumbe siku 21, Mikaeli akaja kusaidia, na baadaye anatajwa mkuu wa Uyunani. Ni andiko zito, linaonyesha kweli kwamba nyuma ya falme kuna kitu. Miaka ya 1990 mwalimu wa Kimarekani Peter Wagner na wenzake wakalichukua wakajenga juu yake mafundisho ya roho za maeneo, na kuchora ramani za kiroho za miji ili kujua pepo gani analitawala eneo gani afungwe. Lakini msome Danieli mwenyewe alikuwa anafanya nini siku zile 21. Alikuwa anafunga na kuomboleza. Hakujua kama kuna vita angani, hakumtaja mkuu wa Uajemi, hakumfunga, hakumwamuru, aliambiwa habari zake baada ya kila kitu, na hata alipoambiwa hakupewa kazi yoyote juu yake. Hiyo vita ilikuwa ya Mikaeli.

Halafu kuna Yuda, na Yuda anatusumbua wote. Waraka wa sura moja tu, lakini mstari wa 9 unasimulia Mikaeli akishindana na Ibilisi kwa ajili ya mwili wa Musa, kitu ambacho Agano la Kale lote halina, na Origen anasema kinatoka kwenye kitabu kiitwacho Kupaa kwa Musa. Mstari wa 14 na 15 unanukuu Henoko, kitabu ambacho Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia mpaka leo linacho ndani ya Biblia yake, na vipande vyake vya Kiaramu vilipatikana kwenye mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi. Kwa hiyo mwandishi wa Maandiko alisoma mapokeo, akayaheshimu, akayatumia. Mtu wa "Biblia tu" hawezi kuruka hapo, Biblia yenyewe imemshika mkono.

Ila ndugu zangu wanaokimbilia Henoko siku hizi, wanaofundisha Mwanzo 6 na majitu na malaika mia mbili walioshuka mlima Hermoni kama vile wamepata Biblia ya pili, nao watulie. Kanisa la mwanzo kweli liliusoma Mwanzo 6 hivyo, kwamba wana wa Mungu waliowaoa binti za wanadamu ni malaika, kisha Augustino kwenye kitabu cha 15 cha Mji wa Mungu akatetea kwamba ni uzao wa Sethi, mwana wa Adamu, na walokole wengi wanaofundisha uzao wa Sethi leo wanamfuata Augustino tu (mapokeo tena!). Lakini angalieni Yuda anaitumia ile hadithi ya Mikaeli kwa kazi gani. Kuna watu walikuwa wanatukana matukufu, wanaongea hovyo juu ya viumbe wa rohoni wasivyovijua, na Yuda anawaambia hata malaika mkuu hakuthubutu kumshitaki Ibilisi kwa maneno ya kumtukana, alisema tu Bwana na akukemee. Mahali pekee ambapo Agano Jipya linachukua hadithi ya nje kuhusu vita ya malaika na Shetani, linaichukua ili kufunga watu midomo. Sijawahi kusikia mstari huo ukihubiriwa kwenye mkesha wa kumkanyaga Shetani.

Wakatoliki wana jibu lao kwa haya yote na ni jibu la heshima. Hati ya Dei Verbum ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani, ya 1965, inasema Maandiko na Mapokeo vinatoka chemchemi moja, na kwamba mamlaka ya kufundisha haiko juu ya neno la Mungu bali inalitumikia. Wanaongeza kwamba hata orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya haimo ndani ya kitabu chochote kati ya hivyo, tunaikuta kwenye barua ya Athanasius ya mwaka 367, na Paulo mwenyewe kwenye 2 Wathesalonike 2:15 anasema tuyashike mapokeo tuliyofundishwa, kwa maneno au kwa waraka. Nakubali nusu. Nakubali kwamba kanisa lilivitambua vitabu, sikubali kwamba kuvitambua kunalipa haki ya kuongeza juu yake, na Marko 7 nayo ipo, Yesu akiwaambia watu wameiacha amri ya Mungu na kuyashika mapokeo ya wanadamu. Kwangu mapokeo ni shahidi, anaitwa, anasikilizwa, anahojiwa, na shahidi mzee mwenye jina na mwaka wake namsikiliza kwa makini kuliko mwenye ufunuo wa jana usiku.

Pale ambapo bado tunatofautiana sana ni kuwaomba malaika na watakatifu watuombee. Mimi nasoma Ufunuo 22:9, malaika anamkataza Yohana kumsujudia, msujudie Mungu, na Wakolosai 2:18 inaonya juu ya kuabudu malaika. Wao wananijibu kwamba hawaabudu, kwamba Mtaguso wa pili wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 787, ulishatenganisha heshima na ibada inayompasa Mungu peke yake, na wananirudisha Ufunuo 8 ambako malaika anatoa uvumba pamoja na maombi ya watakatifu mbele ya kiti cha enzi. Mimi naona sura hiyo inaonyesha maombi yakipelekwa kwa Mungu, haionyeshi mtu akimwomba malaika, na sijashawishika. Lakini hapo angalau wote tumeweka vyanzo vyetu mezani na kila mtu anajua anabishana na nini, kwa hiyo nitaiandikia posti yake peke yake.